Sura ya 5: Mkopo na Riba

Punda wawili wa kwanza nilionunua Milanzi niliwapa majina kwa mzaha. Fedha zilitoka kwenye kikundi chetu cha kuweka na kukopa, kwa hiyo dume nikamwita Mkopo na jike nikamwita Riba. Mweka hazina alipoyasikia majina hayo alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kitenge. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, nilijua ninachokichezea. Mkopo akiwa punda amelala, amekula, amechoka. Ukiwa deni umelala, umekua, umemshinda mtu. Kinachomtenga mnyama na daftari la kikundi ni kiambishi kimoja tu, na sikufikiri hata siku moja kwamba kiambishi hicho kitakuja kuniuma.

Kiliniuma mwezi wa saba. Milanzi ipo pembezoni mwa mji wa Sumbawanga, juu ya uwanda wa Ufipa, kwenye kimo cha mita 1,800 hivi kutoka usawa wa bahari, na Julai huku upepo haupulizi, unakata. Ndio msimu wa kutoa mahindi shambani. Mikokoteni inapita barabarani tangu alfajiri, na mtu mwenye punda wawili hakosi wa kumkodi. Kwa wiki tatu Mkopo na Riba walivuta magunia ya watu. Asubuhi ya Jumanne moja nikamkuta Mkopo amesimama peke yake ukutani, kichwa chini, masikio yameangukia pembeni kama majani ya mgomba yaliyopigwa na jua. Nikamwekea pumba. Akatia mdomo, midomo ikacheza, nikaridhika, nikaenda darasani.

Niliporudi saa nane, pumba ilikuwa pale pale.

Hili ni jambo ambalo kila mwenye punda angepaswa kuambiwa siku ile ile anapopokea kamba. Punda anayeumwa hujifanya anakula. Husimama kwenye chakula na wenzake, hutafuna hewa, na asiyemtazama kwa makini huondoka akijua kashiba. Ng'ombe akiugua hulala, hukoroma, huonyesha. Farasi akishikwa na tumbo hujigaragaza na kujipiga teke tumboni, hata mtoto atajua. Punda hunyamaza. Asili yake ni nyika kavu za kaskazini-mashariki mwa Afrika, ambako anayeonyesha udhaifu ndiye anayetangulia kuliwa, na ukimya huo ameubeba mpaka kwenye mabanda yetu. Ukiona punda amekaa mbali na mwenzake na masikio hayafuati sauti, ugonjwa haujaanza leo. Una siku kadhaa.

Nyumba yangu inatazamana na njia iendayo sokoni, na njia ina midomo. Kabla jua halijazama walikuwa wameshapita watu kumi na zaidi, na kila mmoja aliacha neno lake pale kama mtu anayetupa ganda la muwa.

"Mwalimu, mkopo umekufa?"

Umekufa, si amekufa. Aliyesema hivyo alikuwa kijana wa mkokoteni, mmoja wa wale ambao wazazi wao waliingia bonde la Ziwa Rukwa na ng'ombe wao kutoka Usukumani, kisha watoto wakapanda mjini kutafuta kazi. Wenzake walicheka. Na mimi, niliyeutengeneza utani huo kwa mikono yangu, sikuweza hata kutabasamu, kwa sababu marejesho manne yalikuwa bado kwenye daftari.

Wa pili alikuwa mama mmoja, mtu mzima. Akasimama, akatikisa kichwa. "Uza leo, mwanangu. Kesho ni mzoga." Wa tatu akauliza kama nimeshamwona mtaalamu, akakonyeza, maana mtaalamu kwetu si lazima awe na shahada. Mji wenyewe jina lake watu hulifasiri kuwa ni amri ya kutupa uchawi, na Mtanzania yeyote akisikia umetoka Sumbawanga ataanza habari za radi. Tumeshazoea. Lakini kuna tofauti kati ya kutaniwa ukiwa stendi ya Mbeya na kuulizwa nani kakuloga wakati umeinama kumnywesha mgonjwa maji kwa kopo. Wa nne, mwalimu mwenzangu, alisema neno ambalo naamini alilikusudia kuwa la faraja: "Angekuwa farasi, sawa, ningekuelewa. Kwa punda?"

Neno hilo la farasi lilinikera kuliko la uchawi, nami nikalala nalo. Nikajiuliza farasi ana nini. Sisi watu wa bara tuna methali ya mpanda farasi wawili kupasuka msamba, na wengi wetu hatujawahi kuona hata mmoja. Wanafunzi wangu wa darasa la nne wamewaona kwenye televisheni, wale wa Kikosi cha Polisi cha Mbwa na Farasi, basi. Farasi hakukaa huku kwa sababu hakuweza. Mbung'o wa mabondeni humwua kwa nagana, na kuna maradhi mengine yanayoenezwa na visubi, wadudu wadogo kuliko mbu, ambayo farasi akiyapata mara nyingi hachukui wiki. Pundamilia huyabeba maradhi hayo bila kuugua. Punda mara chache huyaugua, na akiyaugua humpitia kama mafua. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, wapanda farasi wa Afrika Kusini chini ya Jenerali Van Deventer walitoka upande wa Arusha kwenda Kondoa Irangi katika mvua za masika, wakaacha njiani mizoga ya farasi kwa mamia. Mwaka huo huo, Waingereza waliotoka Rhodesia ya Kaskazini walipoingia Ufipa na kuichukua Kasanga, ambayo Wajerumani waliiita Bismarckburg, mizigo yao ilikuja juu ya vichwa vya wapagazi.

Kwa hiyo yule mwenzangu alikuwa anamheshimu mnyama ambaye angekufa kabla hajanifaa kwa lolote, na kumdharau ndugu yake ambaye amekubali kuishi nasi. Nilitaka kumwambia hivyo kesho yake. Nikaona nitaonekana nimechanganyikiwa.

Jumatano waliokuja hawakuwa wapita njia tena. Walikuja washauri.

Nieleze kidogo kuhusu mahali hapa. Milanzi ndiko masimulizi ya Wafipa yanakoweka chimbuko la utawala wao. Yanasema mfalme aliondoka, na nyuma yake wakafika wanawake wageni, wakapewa kigoda chake, na mwishowe nchi ikawa yao; ukoo wa Milanzi ukabaki na heshima ya utangulizi. Mwanaanthropolojia Mwingereza, Roy Willis, aliyeishi na Wafipa mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliandika mengi juu ya watu hawa wanaopenda mazungumzo na kuchukia ugomvi. Katika kitabu chake cha 1974 kuhusu binadamu na wanyama alilinganisha jamii tatu: Wanuer na maksai wao, Walele wa Kongo na kakakuona, Wafipa na chatu. Wafipa akawapa chatu, hakuwapa punda. Ninachotaka kusema ni kwamba huku mgeni akifika hupewa kigoda kwanza, maswali baadaye. Ningekuwa na akili ningeikumbuka habari ya wale wanawake kabla ya kutoa vigoda vitatu nje ya banda.

Aliyekuja wa kwanza ni jirani yangu wa miaka mingi, mzee wa makamo anayelima kwa maksai, mpole, ambaye mke wangu alipojifungua alituletea ulezi debe zima. Alimfunua Mkopo nguo niliyomfunika, na pale juu ya mabega tukaona wote kile ambacho manyoya yalikuwa yameficha: kidonda cha upana wa kiganja, kimevimba pembeni, katikati kinatoa usaha. Mzee akaenda kwake akarudi na kopo la oili chafu ya trekta. "Hii inaua funza na kuzuia nzi," akasema, akapaka kwa upole kama anayempaka mtoto mafuta. Jirani wa pili alipendekeza unga mweusi wa betri za redio. Wa tatu alisema huko alikotoka mnyama anayeshindwa kutembea huchomwa kwa chuma cha moto pale penye maumivu, akaapa amewaona wakipona.

Sikuwacheka, na sasa pia siwacheki. Kuchoma kwa chuma ni tiba kongwe. Oman, ambako ndugu zetu Waswahili wengi wana jamaa, kuna wazee wenye alama za moto tumboni walizochomwa utotoni ili wapone, na ngamia huchomwa vivyo hivyo. Ulaya nako madaktari wa mifugo waliwachoma farasi wa mashindano miguuni hadi karne ya 20, kwa hoja ile ile. Mnyama aliyechomwa hupumzishwa wiki kadhaa, na mara nyingi kinachomponya ni zile wiki. Oili chafu nayo nzi kweli hawaipendi. Ila inaunguza nyama changa, ina madini mabaya, na punda akijilamba inaingia tumboni. Yote haya nimeyajua baadaye. Jumatano ile nilijua kitu kimoja tu, kwamba watu hawa wananipenda, na kwa sababu hiyo nikawaachia.

Jioni kijana wa mkokoteni akapita tena. Safari hii hakuwa na wenzake. Akasimamisha punda wake, akatazama nira iliyoegemezwa ukutani, akatazama kidonda, akapiga mluzi.

"Mwalimu, umemvalisha punda suruali ya ng'ombe."

Akacheka peke yake, akasema na la kuongezea, kwamba msomi akinunua punda huwa wanahesabiwa wawili. Akaenda zake. Nilipandwa na hasira mpaka nikamwambia mke wangu kwamba yule kijana asikanyage tena mbele ya nyumba hii. Nilinuna Alhamisi yote. Nilimwosha Mkopo, nikampaka ile oili mara ya pili kama alivyoagiza mzee, nikakaa nikitunga majibu makali ambayo nisingeyasema kamwe.

Ijumaa mtaalamu wa mifugo akafika kwa pikipiki. Alikuwa binti mdogo, mkimya, na alianza na jambo ambalo hakuna hata mmoja wa vigoda vitatu aliyelifanya: alisimama mbali, akamtazama punda kwa dakika kadhaa bila kumgusa. Kisha akasogea kwa ubavu, akimsemesha, akamkuna shingoni. Hakumshika sikio. Wengi wetu tunamtuliza punda kwa kulipotoa sikio, tumejifunza hivyo, na punda hutulia kweli, kama mtu anavyotulia akikabwa. Mara ya pili akikuona unanyoosha mkono atakupa mateke, nawe utasema asante ya punda.

Akatoa kipimajoto. Kikasoma 38.9.

"Mzima huyo," akasema jirani yangu mpole, aliyekuwa amesimama na sisi. "Maksai wangu wote ndivyo walivyo."

"Ni kweli, baba," binti akajibu. "Kwa ng'ombe hiyo ni afya. Punda mzima ana 37 na kidogo, kama mimi na wewe. Huyu ana homa kali."

Mzee akanyamaza. Na mimi nikaanza kuona kitu ambacho kilikuwa mbele yangu siku zote. Maarifa yote ya mnyama wa kazi tuliyo nayo uwandani huku ni ya ng'ombe. Joto tunapima kwa ng'ombe, dozi tunakadiria kwa ng'ombe, chakula tunatoa cha ng'ombe. Nira nayo ni ya ng'ombe. Ng'ombe wetu ana nundu, na gogo la nira linakaa mbele ya nundu, naye anasukuma kwa shingo nene na nundu yake. Punda hana nundu. Mabegani ana mifupa iliyofunikwa na ngozi tu, na gogo likiwekwa pale, kila shimo la barabara ni nyundo. Nguvu ya punda ipo kifuani. Anatakiwa kuvuta kwa mkanda mpana unaozunguka kifua, chini ya koo, juu ya maungio ya miguu, ili asukume kwa mwili mzima.

Nilimwuliza binti kilichosababisha kidonda. Akainyooshea kidole ile nira ukutani. "Hiyo ni ya maksai, mwalimu."

Suruali ya ng'ombe.

Kijana yule alikuwa amenipa Jumatano, bure, kwa maneno sita, kile ambacho nililipia Ijumaa. Waliosema kwa upole walinipa oili chafu. Aliyenidhihaki alinipa jibu. Laiti ningetoka nikamwuliza papo hapo, Mkopo angeoshwa na kupata sindano siku mbili mapema. Siku mbili ni nyingi kwa punda asiyekula. Binti alinieleza: punda akikaa na njaa, mwili huyafungua mafuta yake yote kwa mkupuo, yakajaa kwenye damu, yakaziba ini na figo, na hapo kidonda si tatizo tena. Mnyama anaweza kupona kidonda akafa kwa mafuta. Na hayo huwaandama zaidi punda wanene, waliotunzwa vizuri. Mkopo alikuwa mnene. Nilikuwa najivunia unene wake.

Akamsafisha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupozwa, akaitoa oili yote, akamchoma sindano ya kuua vijidudu na nyingine ya maumivu, na ya kinga ya pepopunda. Hapo nikamwuliza, kama mwalimu wa lugha, kama anajua kwa nini ugonjwa ule unaitwa hivyo. Akacheka kwa mara ya kwanza. Alisema chuoni Morogoro waliambiwa kwamba farasi na punda ni miongoni mwa viumbe wanaoshambuliwa upesi kabisa na sumu ya pepopunda, na vijidudu vyake vinaishi kwenye udongo na kwenye mavi yao wenyewe. Waliounda neno hilo walikuwa wamewatazama punda vizuri kuliko sisi.

Tangu siku hiyo nikabadili namna ya kuwajibu watu. Sikuacha kuumia. Anayekwambia hupaswi kuumia kwa maneno ya barabarani hajawahi kuishi kando ya barabara. Nilichofanya ni kuchukua ungo. Neno likija, lolote lile, niliuliza: "Umewahi kumwona mnyama wa hivi? Ulifanya nini?" Basi. Aliyekuja kutupa ganda la muwa hukosa la kusema, hukumbuka safari yake. Aliyeona kitu huchuchumaa. Yule mama wa mzoga, nilipomwuliza, alichuchumaa. Kumbe baba yake alikuwa na punda wanne, na wawili walikufa kwa kufuatana, wa pili bila ugonjwa wowote. Alikataa kula baada ya mwenzake kuondolewa usiku. Neno lake la "uza leo" lilikuwa linatoka huko. Akaniambia nimfunge Riba karibu, waonane, nami nilikuwa nimemtenga ili asiambukizwe. Binti wa mifugo alipopigiwa simu akasema mama yuko sahihi.

Alikuja mfanyabiashara pia. Huyu aliuliza bei, nikamwambia mgonjwa hauzwi, akasema haidhuru, ngozi haiugui. "Ngozi yake ina thamani kuliko yeye." Nilipomwuliza ameona nini na alifanya nini, alijibu bila haya. Nami nilijua anachosema. Uchina ngozi ya punda huchemshwa kupata gundi ya dawa iitwayo ejiao, na kiu ya dawa hiyo ilishuka Afrika kama nzige. Kenya iliruhusu machinjio ya punda mwaka 2012, na baada ya wizi kuzidi serikali ikatangaza marufuku mwaka 2020, nayo marufuku ikapingwa mahakamani. Tanzania ilipiga marufuku mwaka 2017, machinjio yakaja kufunguliwa tena Dodoma na Shinyanga, yakaja kufungwa tena. Februari 2024, wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana Addis Ababa kusimamisha biashara hiyo barani kote kwa miaka 15. Huyu bwana wa Milanzi hakuwa anatania hata kidogo. Alikuwa soko, limevaa koti. Nilimfungulia lango atoke.

Ipo na sheria. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama kwa kipigo, kumzidishia mzigo na kumtumikisha asiyefaa kwa kazi. Sijawahi kumsikia mtu akiitaja barabarani, na sidhani kama kuitaja kungesaidia. Kilichosaidia kwingine ni kitu chepesi zaidi. Lamu, mji ambao vichochoro vyake havipitishi gari, kulifunguliwa hospitali ya punda mwaka 1987 na shirika la Kiingereza, tiba bure, na yakaanzishwa mashindano ya punda aliyetunzwa vizuri kuliko wote. Wale vijana wa Lamu, wanaotaniana kwa maneno ya kumtoa nyoka pangoni, wakaanza kutaniana juu ya nani punda wake ana vidonda. Dhihaka ile ile, imegeuziwa uso. Kila nikiwaza jambo hilo natamani Sumbawanga tungekuwa na siku moja ya namna hiyo, pale uwanjani, baada ya mavuno.

Jumapili nilikwenda kijiwe cha mikokoteni karibu na soko. Kijana aliponiona alianza kuomba radhi kabla sijafika. Kumbe maneno niliyomwambia mke wangu yalishamfikia. Nikamwambia sikuja kwa hilo. Nikamwuliza: umewahi kumwona punda wa hivi, ulifanya nini? Akakaa kimya. Kisha akamgeuza punda wake mwenyewe, akanionyesha mabega. Palikuwa na kovu kubwa, jeupe, manyoya hayajarudi. "Huyu alikuwa wa baba," akasema. "Nilimvalisha suruali hiyo hiyo." Kifuani punda alikuwa na mkanda wa turubai ulioshonewa blanketi kwa ndani, na kamba mbili zikienda moja kwa moja kwenye mkokoteni. Alisema wa Riba atanishonea kwa siku mbili, nilete turubai tu.

Mkopo alikula kidogo Jumatatu, kutoka mkononi, majani mabichi ya kando ya mto. Jumanne akala tena. Homa ikashuka mpaka 37.6, kidonda kikaanza kuwa chekundu, rangi nzuri. Jumatano hakula. Alhamisi alfajiri, siku ya kumi, tulimkuta amelala ubavu, na Riba amesimama juu yake.

Binti alikuwa ametuambia, likitokea, tusiuondoe mwili mapema. Tumwache Riba anuse, aguse, aondoke mwenyewe. Kwa hiyo tulisubiri. Ilikuwa saa mbili, saa tatu, barabara imejaa, na kila anayepita anaona punda mfu uani na punda hai pembeni yake na mwalimu kwenye kigoda. "Mwalimu kaweka matanga," mtu akasema, na wengine wakacheka, na ni kweli, ndivyo ilivyoonekana. Karibu na saa tano Riba akainua kichwa, akatembea mpaka kwenye pumba, akala. Akala kweli. Nilikwenda kuangalia.

Yule kijana alikuja na jembe na sululu bila kuitwa. Kwetu nyama ya punda hailiwi na shimo lake lazima liwe refu, mbwa wasifukue. Mzee wangu wa oili chafu akaja pia, akashika beleshi, hakusema neno juu ya oili na mimi sikusema. Tulichimba mpaka adhuhuri. Kijana alidai kwamba yeye na Wafipa ni watani, mzee akabisha kwamba utani huo hajausikia, wakabishana kwa furaha kwa kina cha futi tatu nzima. Ninavyoujua utani wa misiba, mtani huwatukana wafiwa, humwigiza marehemu, na ndiye huyo huyo anayechota maji na kuchimba kaburi. Sikuingilia. Yeyote mwenye haki, mikono yote minne ilikuwa shimoni.

Tulipomaliza kufukia, kijana aliketi ukingoni, akafuta jasho, akanitazama kama anayepima kina cha mto kwa fimbo.

"Sasa mwalimu," akasema. "Mkopo umekwisha?"

Nikamtazama Riba, aliyekuwa ameshika njia ya kivulini.

"Umekwisha," nikasema. "Riba ipo."

Mzee ndiye aliyeanza kucheka. Mkanda wa turubai uliletwa Jumamosi, ukiwa umeshonwa kwa uzi wa kushonea viatu, na bei yake ilikuwa zaidi ya tuliyopatana.